Unyevu

Baba hakuniachia kiwanja. Aliniachia daftari,
jalada la kijani, pembe zimeliwa na panya,
safu nne za rula: mwaka, tani, yatokako, pungufu.
Wakubwa wa duane waliandika turto.
Mama, mzaliwa wa Kasenga, alisema mashudu:
kinachobaki mbegu ikishakamuliwa,
kikavu, kigumu kama kichuguu,
riziki ya ng'ombe na kuku.

Ukurasa wa kwanza ni wa enzi za makuta.
Tani kumi na mbili, na pembeni, kwa penseli: "Ya nini?"
Maana siku zile mashudu ya pamba na ya mawese
tuliyapakia wenyewe, wagoni baada ya wagoni,
wakanona ng'ombe wa watu
ambao hatukuwahi kuonja maziwa yao.

Kisha vinu vikanyamaza, kimoja, kingine.
Tani themanini. Mia tatu. Mia tatu na kumi.
Mwandiko wa baba unaanza kulala
kama mtu anayetembea akiupinga upepo.
Safu ya tatu inajaa: Ndola, Harare, Durban,
miji ambayo hakuifika ila aliijua kwa pua.
Alizeti, alisema, hunuka sufuria iliyosahauliwa juani;
soya hunuka maharage mabichi;
pamba hainuki kitu, hunuka gunia.

Mwaka wa uporaji hauna tarakimu.
Mstari umepigwa, basi.

Unaofuata: tani arobaini.
Pungufu, kilo tatu. Sababu: unyevu.
Wiki ya pili, kilo tatu. Unyevu.
Kilo nne. Unyevu.
Kilo tatu na nusu, na ilikuwa Agosti,
mwezi ambao Lubumbashi nzima hupasuka midomo.

Nilikuwa na miaka kumi. Namwona akirudi kutoka stesheni,
mifuko ya koti imening'inia kama masikio ya mbuzi,
mama akipepeta, akichambua nyuzi za gunia,
akichanganya na unga, kiganja kwa kiganja.
Bukari ukawa na rangi ya barabara ya Katuba.
Mdogo wangu Kibambe akauliza kama sasa tutataga.
Tulicheka mpaka tukapaliwa.
Baba alinawa mikono, akatoka nje.

Miaka thelathini imepita ndipo nasoma vizuri:
ule unyevu ulikuwa sisi.

Leo nina kuku mia sita huko Ruashi
na kalamu yangu imeendeleza safu zake.
Sihesabu ya nchi tena, nahesabu ya banda langu:
magunia ishirini, yatokako Kasumbalesa,
bei kwa dola, maana faranga haikai mkononi.
Mbegu zimelimwa kwingine, mafuta yamekaangia kwingine,
kwetu huja ganda la karamu, nasi tunashukuru,
kwa kuwa yai ni yai.

Nikipanda batini kuziba tundu
nauona ule mlima mweusi wa mjini,
masalio ya shaba, mashudu ya ardhi yetu wenyewe.
Hata hayo yamepata wanunuzi:
yanakwanguliwa, yanapimwa, yanafunikwa turubai.
Malori hukutana njiani,
lenye makapi yetu likienda, lenye makapi yao likija,
na madereva hupigiana honi kama mashemeji.

Jana kijana wa kupakua, Chabala,
mwembamba, shati limefungwa kwa pini,
alishusha gunia la mwisho bila kunitazama.
Nililiweka kwenye mizani alipokwisha kwenda.
Kilo mbili hazipo.
Mshono wa uzi wa buluu umefumuliwa kidogo,
ukafungwa tena kwa fundo la mtu mwenye haraka.

Niliketi juu ya ndoo, daftari gotini.
Kuku walikuwa wakinidai kwa kelele.
Nikachora mwaka, nikachora tani, ambazo si tani,
na katika safu ya nne, kwa mwandiko uliolala,
unyevu.